Kielelezo 3.4: Himoglobini Iliyogoma Kuzunguka

Ujumbe uliingia saa nne usiku ukiwa na picha ya skrini. Ukurasa wa 61 wa tasnifu ya uzamivu: maandishi yamekaa sawa, pambizo sawa, na katikati, pale molekuli ilipopaswa kuwa, boksi jeupe lililozungushiwa mstari mwembamba. Chini ya boksi maelezo bado yalikuwa yakijigamba: bofya, zungusha, uone valini ya 6 inavyoingia kwenye kishimo cha jirani. Mtahini wa nje alikuwa amebofya. Nadhani alibofya mara nyingi, maana alichoandika pembeni ni neno moja tu: "Wapi?"

"Kaka, mbona kwangu inazunguka?" aliuliza mwenye tasnifu.

Kwake ilizunguka, na kwangu pia. Naishi kwa kupanga nyaraka za watafiti: wao huleta majedwali, vielelezo na presha ya dakika za mwisho, mimi hurudisha PDF inayopokelewa chuoni. Kielelezo 3.4 nilikitengeneza mwenyewe na nilikionea fahari. Hivyo naandika kisa hiki nikiwa mshtakiwa.

Kazi ya kielelezo

Tasnifu ilihusu himoglobini S (himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni), ile ya selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu watu wengi wameujua kupitia mtoto wa ndugu au wa jirani kabla ya kuusoma popote. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba shida iko kwenye molekuli yenyewe ya himoglobini. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaipata tofauti: katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, yaani vijenzi vya protini, ya sita imebadilika kutoka asidi glutamiki kuwa valini. Basi. Asidi glutamiki ina chaji na hukaa vizuri na maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hupata pa kujificha: kishimo kilicho kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani, penye fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Molekuli moja humshika jirani, jirani naye humshika mwingine, mpaka zinaota nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu.

Sura ya kwanza ya tasnifu ilishazungumzia malaria na kazi ya Anthony Allison, aliyeonyesha mwaka 1954, kwa utafiti uliofanyika Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja tu la selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Sura ya tatu ilibaki na kazi moja: msomaji auone mgusano wenyewe kwa macho yake. Umbo lilikuwepo tayari. Benki ya Data ya Protini (PDB) inalo kwa namba 2HBS, lilichapishwa mwaka 1997, limepimwa kwa ukali wa Å 2.05 (Å ni angstromu, kipimo cha umbali wa kiatomu), na ndani yake mna himoglobini mbili nzima zilizokaribiana, minyororo 8 kwa jumla.

Alikuwa amejaribu picha tuli kabla ya kuja kwangu. Alinionyesha tano. Ukitazama kutoka mbele, valini inaonekana lakini kishimo kinalala bapa kama sahani. Ukitazama kutoka ubavuni, kina cha kishimo kinatokea, ila heliksi ya jirani, sehemu ya mnyororo iliyojisokota kama springi, inakatiza mbele na kuificha valini. Picha ya tatu ilikuwa maelewano ya hizo mbili, na kama maelewano mengi, haikumridhisha mtu. Si kwamba hakujua kuchora. Mgusano huu umejengwa kwa namna ambayo pembe moja ya kutazama haiwezi kubeba hoja nzima.

Wanasayansi wa maumbo wamesumbuka na jambo hili kwa miaka mingi. Majarida ya zamani yalichapa jozi za picha za stereo, mbili bega kwa bega, msomaji alegeze macho mpaka ziungane. Wapo wanaoziona mara moja. Mimi naumwa kichwa tu. Mwaka 1992 toleo la kwanza kabisa la jarida la Protein Science lilitoka na diski ya kompyuta. Jane na David Richardson wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wametengeneza kinemage, vielelezo vya protini ambavyo msomaji aliweza kuvizungusha mwenyewe kwenye Macintosh kwa programu ya MAGE. Faili la kinemage lilikuwa maandishi ya kawaida, mtu analifungua na kulisoma mstari kwa mstari. Ningekumbuka hilo mapema ningeokoa wiki mbili.

Nilivyokitengeneza

PDF inakubali vitu vya 3D tangu toleo lake la 1.6. Umbo huandikwa kwa mfumo wa U3D, uliosanifiwa mwaka 2004 kama ECMA-363, na baadaye ukaongezwa mfumo wa pili uitwao PRC. Kwa anayeandika kwa LaTeX, programu ya kupanga nyaraka kwa amri za maandishi, kifurushi cha media9 cha Alexander Grahn kinafanya upachikaji kwa amri moja. Kinachochosha ni safari ya kutoka kwenye atomu hadi kwenye U3D. Nilifungua 2HBS kwenye PyMOL, programu ya kuchora molekuli, nikapanga rangi, nikatoa faili la VRML, mfumo mwingine wa maumbo ya 3D, nikalipitisha MeshLab, programu ya kuhariri maumbo hayo, likatoka U3D.

Kuna jambo hutokea katika safari hiyo na sikulipa uzito. PyMOL inapochora atomu kama mpira, inajua kwamba mpira ule ni kaboni ya valini ya 6 ya mnyororo fulani. Ukishatoa VRML kisha U3D, kinachobaki ni wavu wa pembetatu zenye rangi. Himoglobini mbili zina atomu takribani 8,800 za protini peke yake. Mpira ukichorwa kwa pembetatu 320, ambao ni ulaini wa wastani tu, unapata pembetatu zaidi ya milioni 2.8. Faili la awali la PDB, lenye mstari mmoja kwa kila atomu, halifiki MB 1. Kompyuta yangu ilianza kupumua kwa feni. Nikakata: minyororo yote nikaigeuza utepe usioonyesha atomu mojamoja, nikaacha mipira kwa valini na majirani zake wa karibu tu, na hata utepe nikaupunguza pembetatu. Ikazunguka kama pia.

Kisha nikafanya kosa. Amri ya media9 inadai vitu viwili: faili la 3D, na kitu cha kuonyesha pale 3D isipowashwa. Hicho cha pili kawaida ni picha tuli ya umbo lilelile. Mimi niliweka nafasi tupu yenye vipimo sahihi, nikaagiza 3D iwake yenyewe ukurasa unapofunguliwa. Kwenye Acrobat yangu, kisoma-PDF cha Adobe niliyokwisha kuiruhusu zamani, ile nafasi tupu haikuonekana hata kwa nukta ya sekunde. Sikuwahi kuliona boksi jeupe mpaka ile picha ya skrini ya mtahini iliponifikia.

Walichokiona wengine

Asubuhi tuliomba kila aliyepokea tasnifu aseme ameifungulia wapi. Majibu yalinifundisha zaidi ya mwongozo wowote.

Mtahini alikuwa ameifungua ndani ya kivinjari, kama watu wengi sasa hivi: unabofya barua pepe, PDF inafunguka palepale. Visoma-PDF vya ndani ya Chrome na Firefox havichori U3D. Preview ya Mac haichori. Mjumbe mwingine aliisoma kwenye simu akiwa safarini, na huko hakuna 3D hata ukitumia programu ya Adobe yenyewe. Maana yake katika watu wote waliopaswa kuusoma ukurasa ule, kielelezo kingeweza kuishi tu kwa wenye Acrobat, au programu chache za aina yake, kwenye kompyuta ya mezani au mpakato.

Msimamizi alikuwa mmoja wao. Naye alipata utepe wa njano juu ya ukurasa ukimwambia 3D imezimwa, airuhusu endapo anauamini waraka. Hakuruhusu. Nilipompigia, shikamoo na marahaba zikapita, alisema, "Kijana, nimefundishwa nikiona njano nisiguse." Na ana haki. Desemba 2011 Adobe ilitangaza tundu la usalama katika usomaji wa U3D, na wakati linatangazwa lilikuwa tayari linatumiwa na washambuliaji. Ofisi nyingi zina kompyuta ambazo mtumiaji hana hata ruhusa ya kubadili mpangilio huo. Mimi niliuona ule utepe kama kero ya kuondolewa kwa mbofyo mmoja. Kwa Profesa ulikuwa onyo, naye akalitii, na hakuna aya ya maelezo chini ya kielelezo ambayo ingemshawishi vinginevyo.

Pigo la mwisho lilitoka maktaba. Nakala ya kuhifadhiwa ilitakiwa iwe PDF/A, ule mfumo wa PDF unaokusudiwa kusomeka miaka mingi ijayo. Sehemu ya 1, 2 na 3 za kiwango hicho haziruhusu 3D kabisa. Ipo PDF/A-4e ya mwaka 2020 inayoiruhusu, iliyolenga wahandisi, lakini maktaba ile haikuwa ikiipokea, na sidhani ilikuwa na sababu ya kuipokea kwa ajili ya kielelezo kimoja. Kubadili faili kwenda PDF/A kungeing'oa molekuli na kuacha nini? Boksi langu jeupe, milele.

Hapo ningeweza kuweka picha tuli kwenye ile nafasi tupu, niombe radhi, tumalize. Ingetosha kwa adabu. Ila mtahini alikuwa ameongeza swali baada ya mwenye tasnifu kumtumia video fupi ya kielelezo kikizunguka: valini iko umbali gani kutoka fenilalanini ya 85?

Nikafungua kielelezo changu kizuri nikipime. Nikabofya mpira. Hakuna. Wavu wa pembetatu haujui atomu. Nilichompa msomaji ni kinyago: cha mpingo, kimechongwa kwa ustadi, unakizungusha utakavyo mkononi, lakini ukikiuliza jina lake kinakukodolea macho. Kwangu hili lilikuwa zito kuliko boksi jeupe, maana boksi jeupe lilikuwa uzembe wa usiku mmoja, na kinyago nilikuwa nimekichagua.

Mlango wa pili

Tuliamua kuvitenganisha vitu nilivyokuwa nimevibana pamoja. Tasnifu ibaki PDF ya kawaida yenye picha tuli nzuri. Molekuli inayozunguka iende kwenye faili lake la HTML, yaani ukurasa wa wavuti, liwekwe kama kiambatisho.

Kivinjari kimekuwa na uwezo wa kuchora 3D bila programu ya nyongeza tangu WebGL ilipotoka mwaka 2011. Juu yake zimejengwa maktaba kadhaa za molekuli za JavaScript, lugha ya programu ambayo kivinjari huiendesha chenyewe: 3Dmol.js kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, NGL, na Mol*, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye kurasa za Benki ya Data ya Protini yenyewe. Mol* ina nguvu kubwa, lakini inakuja na paneli nyingi kuliko mahitaji yetu. Mtahini alihitaji kujibiwa swali, hakuhitaji chumba cha rubani. Nikachagua 3Dmol.js.

Faida ilionekana saa hiyohiyo. Sasa ninachokipachika ni faili la atomu lenyewe, na uchoraji unafanyika kwa msomaji. Ninaandika kwamba asidi amino ya 6 ichorwe kama mipira ya njano, ya 85 na ya 88 kama vijiti, mengine yote utepe wa kijivu hafifu. Msomaji akibofya atomu, anaambiwa jina lake. Akibofya mbili, anapata umbali, kwa sababu kila atomu imekuja na x, y na z zake. Umbali huo niliuonyesha kwa desimali moja tu. Faili la PDB huandika desimali tatu, na ukizichapa hivyohivyo unamdanganya msomaji kuhusu ukali wa kipimo cha Å 2.05.

Pembe ya kutazama nayo huhifadhiwa kwa urahisi ambao ulinishangaza: 3Dmol.js ikiulizwa mtazamo wa sasa hurudisha namba 8, tatu za mahali, moja ya ukaribu, nne za mzunguko. Tulikaa na mwenye tasnifu, akazungusha mpaka akaridhika, tukanakili namba, tukaziweka kwenye kitufe. Vitufe vikawa vitatu: mbele, ubavuni, na mbali ili himoglobini zote mbili zionekane. Alitaka saba. Nilikataa. Mzunguko huru una hasara yake: msomaji asiyeijua protini huipindua mara mbili, hupotea ndani ya tambi, hufunga. Kitufe cha "mbele" ndicho kamba ya kumrudishia nchi kavu, na picha tuli ndani ya PDF tuliipiga kwa namba zilezile 8 ili anayetoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini akute kitu alichokwisha kukiona.

Tukadhani tumemaliza. Mwenye tasnifu akaweka HTML na faili la PDB kwenye flashi, akampelekea msimamizi, akabofya mara mbili. Ukurasa mweupe! Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Sababu safari hii ilikuwa kwamba kivinjari, kikifungua ukurasa kutoka kwenye diski na si kutoka kwenye seva, hukataza ukurasa huo kujichotea faili jirani. Ni ulinzi tena, na ni ulinzi wa maana. Dawa ilikuwa kuyaingiza maandishi ya PDB ndani ya HTML, na 3Dmol.js yenyewe pia, badala ya kuichota mtandaoni kila mara. Faili likanenepa kidogo, lakini likawa moja, linalofunguka kwenye kompyuta isiyo na intaneti na lisilomla mtu bando. Kwenye simu likazunguka kwa kidole.

Nililiondoa 3D lote kwenye PDF. Wapo watakaouliza kwa nini nisingeiacha kwa wale wachache wenye Acrobat, na picha tuli kwa wengine. Inawezekana, na kwa waraka wa ndani ya kundi dogo ningefanya hivyo. Kwa tasnifu nilikataa, kwa kuwa kungekuwa na molekuli mbili zinazojiita Kielelezo 3.4: moja kinyago, moja ya kweli. Siku mojawapo ikirekebishwa na nyingine isahauliwe, nani atajua?

Kitazamio hufa, atomu hubaki

Mwenye tasnifu aliuliza swali lililonifanya nisilale mapema: hiyo JavaScript itakuwepo baada ya miaka kumi?

Historia haitoi jibu la kufurahisha. Miaka ya 1990 watu waliweka molekuli kwenye kurasa za wavuti kwa Chime, programu ya kuchomekwa kwenye kivinjari. Ikafa na vivinjari vyake. Jmol, kitazamio kingine cha molekuli, ikashika nafasi, ikiendeshwa na Java, programu nyingine ya kuchomekwa kwenye kivinjari. Mwaka 2008 Brian McMahon na Robert Hanson walieleza kifaa cha kutengenezea vielelezo vya Jmol kwa ajili ya majarida ya Muungano wa Kimataifa wa Elimu ya Fuwele, na mwandishi wa makala akaweza kuchapisha umbo linalozunguka. Kisha Java nayo ikafukuzwa: Chrome iliondoa njia ya kuiendesha mwaka 2015, Firefox mwaka 2017. Vielelezo vingi vingekuwa maboksi matupu kama langu.

Kilichoviokoa ni kwamba havikuwa vinyago. Kielelezo cha Jmol kilikuwa vitu viwili vya maandishi: faili la atomu, na amri fupi zinazosema chora hiki hivi, geuza hivi. Hanson na wenzake walipoitafsiri Jmol nzima kutoka Java kwenda JavaScript, wakaiita JSmol, amri zilezile ziliendelea kusomeka. Dirisha lilibadilishwa, chumba kikabaki.

Kwa hiyo kiambatisho tulichowasilisha kina HTML, na kando yake faili la 2HBS kama lilivyo, na ukurasa mmoja wa maandishi matupu: namba ya umbo, toleo la 3Dmol.js, mitindo na rangi, zile namba 8 za kila kitufe. Humo tuliandika pia jambo dogo linalowachanganya wengi. Asidi amino inayoitwa ya 6 hapa, wanajenetiki wa leo huiita ya 7, kwa sababu wao huhesabu methionini ya mwanzo ambayo huondolewa protini inapokamilika. Mtu akija na kitazamio kipya akatafuta 7 ndani ya 2HBS, atapaka rangi ya njano asidi amino isiyohusika, na kielelezo kitazunguka vizuri sana kikisema uongo.

PDF/A ilipita bila neno. Mtahini alifungua HTML kwenye kivinjari kilekile, akapima umbali wake, na swali la mwanzo likaisha. Siku mbili baadaye akaleta lingine. Alikuwa amebofya kitufe cha mbali, akageuza mwenyewe kwenda nyuma, akaona kwamba kila himoglobini ina minyororo miwili ya beta, hivyo valini mbili za njano, na kuna ambazo hazikuwa zimeingia kwenye kishimo chochote. Kwa nini?

Ni kwamba katika uzi wa jozi, ambapo safu mbili za himoglobini hukaa bega kwa bega, valini moja tu kati ya mbili za kila himoglobini ndiyo inayoshiriki mgusano huo wa pembeni. Tena faili lina himoglobini mbili tu, wakati uzi wenyewe unaendelea kwa kurudiwa kwa mpangilio uleule ndani ya fuwele, kwa hiyo baadhi ya majirani hawapo kwenye picha kabisa. Mwenye tasnifu alilijua hilo. Hakuwa ameliandika popote, kwa sababu katika picha zake tano zote valini ya pili ilikuwa nyuma.

Aliandika aya moja usiku uleule na kunitumia niipange. Iko ukurasa wa 62.